Mtu wa Lazima

Kindu, 11 Machi 2002

Mama Falone,

Mwanahamisi, yule mama anayeuza mawese, ameniambia anarudi njia ya Kibombo pamoja na wenye baiskeli, na atafika mpaka huko Tunda kwa dada yako. Nimemwomba anibebee karatasi hii. Ataificha anapojua mwenyewe. Akifika mpe chakula, na usimwulize mengi mbele ya watu.

Mimi ni mzima. Tangu nilipowasindikiza wewe na mtoto mpaka mwisho wa mji, kazi ya maji haijasimama. Wapiganaji wa pori wameufunga mji kila upande. Anayekwenda shambani hajui kama atarudi, na chumvi tunailamba kama dawa. Lakini masini yangu ya kusukuma maji inanguruma. Mazutu yake, mafuta inayokunywa, inashuka na ndege, pamoja na risasi. Hawa waasi wanaoshika mji hawajali watu wanakula nini, ila maji wanayataka.

Juzi Komanda Joël, mkubwa wao, alikuja mwenyewe kwenye kiwanda cha maji. Aliizunguka masini, akaipapasa kama mtu anayetaka kununua mbuzi. Kisha akaniambia, “Florentin, weye njo muntu wa lazima hapa. Maji ikikosa, askari wangu watakunywa mutoni, watahara, na mji utatutoka mukononi.” Nilisema asante.

Wamenipa kitanda humo humo ndani, karibu na pampu, na chakula wananiletea. Matata, mwenzangu wa kazi, yeye analala kwao. Ni afadhali hivi, maana barabara za mtaa wa Kasuku siku hizi si za kutembea ovyo. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Niliahidi kuwafuata, na ahadi ipo. Nangojea tu njia ifunguke kidogo.

Mwambie Falone nimemwekea vifuniko vya makopo vya kuchezea.

Bwana yako,
Florentin


Tunda, 2 Aprili 2002

Baba Falone,

Barua yako imefika, imenuka mawese, lakini inasomeka. Mwanahamisi alikula, akalala, na asubuhi akaniambia yale ambayo hukuandika. Mlango wa kiwanda unafungwa kwa nje. Ufunguo anao askari. Kitanda unachonisifia ni kitanda cha mfungwa, na wewe unaniambia nisiwe na wasiwasi.

Kwa nini unanificha? Unafikiri nikiwa mbali nitaogopa kidogo? Nikijua kitu, naogopa kitu hicho kimoja. Nisipojua, naogopa vyote. Nimekaa huku nikipepeta mchele wa dada yangu, na kila kishindo nadhani ni habari yako.

Toka huko. Sijui utatokaje, wewe njo mwanaume, wewe njo unajua milango ya nyumba ile. Masini si mtoto wako. Kama wanaitaka sana, wajifunze kuiendesha.

Sisi hapa tuko salama. Falone ameota tena meno ya mbele, anacheka kwa kuyaonyesha. Shule imesimama kwa sababu kuna wageni wachache wanalala madarasani, lakini ni watu watulivu, na tunawapikia zamu kwa zamu. Usiwaze juu ya hilo.

Nakungoja,
Élisabeth


Kindu, 28 Aprili 2002

Mama Falone,

Umenikamata. Ni kweli, nafungiwa. Matata tu njo anaingia na kutoka, na barua hii itapita kwake mpaka kwa Mwanahamisi.

Sikutaka uwe na picha hiyo kichwani. Sasa unayo, basi nikuambie yote. Mchana sina shida, masini ina kelele, inanizuia kufikiri. Lakini mazutu ikipungua wananiamuru nizime, na hapo kimya kinaingia. Nasikia bunduki upande wa uwanja wa ndege. Nasikia askari mlangoni wakibishana kama nitakuwa na faida mji ukianguka. Mmoja alisema, “Huyu tusimwache. Wale wa pori wakimupata, watakuwa na maji.” Mwenzake akajibu kwamba kuna njia nyepesi ya kuhakikisha hawanipati. Walikuwa wanaongea kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaopanga kufunga duka.

Daktari Germaine wa hospitali naye alikuja. Waliruhusu aingie kwa sababu anawatibu. Alinishika mikono yote miwili. Akasema watoto wanaohara wamejaa mpaka barazani, na kama robine za maji zikikauka hata wiki moja hataweza kuwaokoa. “Baba, najua wanakufunga. Nakuomba tu usiondoke.” Mama Falone, yule nilimwogopa kuliko Komanda. Komanda naweza kumchukia.

Kila mmoja anakuja kuniambia hawezi kuishi bila mimi, na hakuna hata mmoja anayeuliza mimi siwezi kuishi bila nani.

Sasa na mimi nikuulize. Hao wageni wa shuleni ni nani? Wewe ukiandika “usiwaze”, mimi nawaza. Tunda haina wageni wa kujaza madarasa. Niambie.

Florentin


Tunda, 19 Mei 2002

Kwa Bwana Florentin,

Salamu nyingi. Baada ya salamu nakujulisha kwamba mimi na mtoto ni wazima.

Nakuandikia kukuomba uache kazi ya kuwapa maji maadui wa nchi. Maji yako njo yanayowapa nguvu ya kubaki Kindu. Mji ukikosa maji hawatakaa. Kwa hiyo uiharibu masini hiyo isitengenezeke tena, halafu ukimbie kama unaweza. Ukifanya hivyo utakuwa umeisaidia nchi, na sisi tutatunzwa vizuri.

Usipofanya, mimi na mtoto tutaonekana kama watu wa adui.

Tafadhali fanya upesi.

Mke wako,
Élisabeth


Kindu, 9 Juni 2002

Kwa mkubwa aliyesimama nyuma ya mke wangu alipokuwa akiandika,

Tangu tuoane mke wangu hajaniita Bwana Florentin hata siku moja. Kwa hiyo nimeelewa barua ile ilitoka kwa nani, na nakujibu wewe. Nimemwomba yeye akukabidhi karatasi hii bila kuikunja.

Upande huo hakuna mkubwa mwingine, na jina lako linajulikana Kindu. Hata askari wa mlango wangu wanalitaja: Kasimu, anayeongoza watu wa pori upande wa Kibombo. Wanalitaja kwa hofu, kama hilo linakufurahisha. Lakini watu wa Kasuku wanakujua kwa namna nyingine. Wewe ni mtoto wa Mama Aziza, anayeuza majani ya sombe karibu na soko.

Sikutishi. Niko ndani ya mlango uliofungwa, nitamtisha nani? Nataka tu ujue robine ya soko inakwenda kwa nani. Komanda Joël ana tangi juu ya nyumba yake. Nikiharibu masini, tangi lake litamtosha mpaka ndege ilete nyingine. Mama Aziza hana tangi. Anakuja na bidoni yake ya manjano kabla jua halijawaka, na kwa sababu ya mguu wake ule, wanawake wenzake wanampisha apite mbele. Asipokuta maji pale, atashuka mtoni, kwenye yale yanayotelemka kutoka kwenye kambi. Daktari wa hospitali anajua nini kitafuata. Wewe pia unajua.

Umesema bila maji mji utaanguka. Labda. Komanda naye anasema bila maji atashindwa vita. Ninyi wawili mnapigana, lakini mnanitazama kwa jicho moja.

Kama lazima kitu kivunjwe, nivunje mimi. Siku nikitoka humu nitapita njia ya Kibombo, nitapita kwenye bariyeri yako ya barabarani bila kujificha, na utafanya unavyotaka. Mke wangu hakuchagua kazi hii. Mtoto ana miaka saba.

Florentin, fundi wa maji


Tunda, 30 Juni 2002

Fundi,

Mimi si mtu wa kuandika. Nimesoma barua yako. Wenzangu nao nimewasomea, wengine walicheka, wengine hapana.

Masini ibaki kwa sasa. Kesho sijui, mimi pia nina wakubwa.

Mama yangu asijue niko huku. Anadhani nimekwenda Kampene kuchimba. Mguu wake unamsumbua sana? Nani anamkatia kuni?

Kasimu


Baba Falone, amenipa upande huu wa karatasi niandike ninachotaka, na ametoka nje. Sijui nianze wapi.

Nilikuficha. Wageni wale walikuja na bunduki tangu mwezi wa tatu. Walipojua mimi ni mke wa nani, walituhamishia shuleni, darasa la mwisho, mimi na Falone. Hawakutupiga. Usisome mengine hapo, hawakutugusa. Lakini siku ya barua ile, kijana mmoja alimketisha Falone kwenye magoti yake na kumchezea nywele wakati mimi naandika, na bunduki iliegemea ukuta. Nilikosea kuandika neno “nchi” mara mbili. Kasimu alikuwa ananitajia neno kwa neno.

Nilipokuita Bwana Florentin nilikuwa naomba moyoni uelewe, na papo hapo nilikuwa naomba usielewe, uvunje masini, na mtoto wangu ashushwe kwenye magoti yale. Nakwambia ukweli. Watoto wa hospitali sikuwafikiria hata kidogo.

Kasimu alisoma barua yako akiwa amesimama, halafu akakaa, akaisoma tena. Jana ametuambia turudi kwa dada. Mlinzi amebaki barabarani, lakini tunalala kwetu. Falone haongei sana. Ananifuata mpaka chooni.

Tuombeane.

Élisabeth


Kindu, 25 Julai 2002

Mama Falone,

Nilisoma upande wako nikiwa nimejificha nyuma ya pampu, ili askari wasione uso wangu. Usijilaumu kwa jambo lolote. Ningekuwa mimi kwenye darasa lile, ningeandika hata zaidi.

Mwambie Kasimu mama yake anatembea. Amekonda, kama sisi wote. Kuni anakatiwa na jirani yake. Matata alimsalimia kwa niaba ya “rafiki wa Kampene”, akafurahi, akauliza kama mtoto wake anakula vizuri. Matata alisema ndiyo.

Sasa kuna jambo jipya, na sijui nilipime vipi. Wakubwa wameanza kuongea juu ya kuondoka. Wanasema kwa pembeni, lakini chumba hiki kina mwangwi. Wiki hii Komanda Joël amekuja mara kadhaa. Haulizi tena mazutu iko ngapi. Anauliza masini ina uzito gani. Anauliza imefungwa chini kwa nati za namna gani, na kama inaweza kupanda lori bila kuvunjika. Nilimjibu kwamba ikishatolewa hapa haitafaa kitu. Akasema, “Kuifanya ifae, hapo njo iko kazi yako.”

Matata anasema nijifanye mgonjwa, Daktari Germaine aniombee kitanda hospitalini, na kutoka huko anipitishe kwa nyuma mpaka njia ya Kibombo. Daktari amekubali. Alilia kidogo, kisha akasema sasa ni zamu yake kunisaidia. Tunangoja siku askari wa zamu atakuwa yule mvivu.

Ninaogopa kukuambia nitakuja, kwa sababu nilishakuambia. Lakini nakuja.

Florentin


Kindu, 6 Oktoba 2002

Mama Falone,

Mimi ni Matata, mwenzake na bwana yako kazini. Nimechelewa kuandika kwa sababu sikupata wa kumpa barua, na pia kwa sababu sikutaka kuwa mimi ninayekuletea habari hii.

Hatukuwahi. Tulipanga kumtoa siku ya Jumatatu. Walikuja Jumapili asubuhi, wakati watu wako misani, wakiwa na lori na nyundo kubwa. Walianza kupiga mabomba ili kuitoa masini. Florentin akawaambia wanaiua. Komanda Joël akamkabidhi spana mwenyewe. Nilikuwepo, walinisimamisha ukutani. Aliifungua polepole, nati baada ya nati, akawa anaziweka kwenye kopo la maziwa ili zisipotee. Nadhani alikuwa anavuta muda. Mimi pia nilikuwa nangoja kitu kitokee. Hakikutokea.

Masini ilipopanda lori nilidhani wamemaliza naye. Komanda akasema, “Masini bila fundi ni chuma tu. Panda.” Florentin hakubishana. Aliomba achukue shati lake, wakamkatalia. Alinigeukia, akasema nikuandikie kwamba hakuchagua kwenda nao. Hayo njo maneno yake yote.

Nilikimbia kwa njia ya chini mpaka kwenye mto. Niliona kivuko kikielekea Alunguli na lori juu yake. Yeye alikaa juu ya masini, kati ya kamba. Aliinua mkono. Sijui kama alinipungia mimi, au alikuwa anajishikilia tu. Upande wa pili barabara inaingia msituni. Tangu hapo hakuna aliyemwona, ingawa nimeuliza kila mtu anayetoka huko.

Watu wa pori waliingia mjini baada ya wiki mbili hivi. Kasimu wako alikwenda moja kwa moja kwenye robine ya soko, akaifungua, ikatoa upepo. Mama Aziza tulikuwa tumemzika juma lililotangulia. Ni kuhara. Kasimu alikuja kwangu, akaniuliza fundi wa maji yuko wapi. Nilimwonyesha saruji pale masini ilipokuwa, na vyuma vinne vilivyobaki vimesimama. Alikaa pale chini mpaka jioni. Bunduki yake nilimwokotea mimi.

Nisamehe kwa barua hii.

Matata


Kindu, 20 Februari 2025

Mama,

Natumaini umeamka vizuri. Simu ya Tunda bado haishiki. Bibiche, yule mfanyabiashara wa mchele, anakuja huko na motari wa pikipiki, kwa hiyo nakuandikia kama zamani.

Utakuwa umesikia. Goma imeanguka mikononi mwa waasi, Bukavu imefuata, na hapa kila mtu ana maneno yake. Wengine wanasema watafika baada ya wiki, wengine wanasema hawana haja na jimbo letu la Maniema. Askari waliokimbia wanapita, majeruhi wanaletwa. Masoko yapo. Usiogope sana.

Kazi yangu ya kuwalaza watu usingizi kabla ya kisu inaendelea vizuri. Mkurugenzi wa hospitali alitukusanya, akatusifu. Juzi afisa mmoja wa jeshi alitembelea chumba cha upasuaji. Aliuliza ni nani anayetoa dawa ya usingizi. Nikasema ni mimi. Akasema, “Dada, wewe ni mtu wa lazima kwetu.” Wenzangu wakacheka, wakaniita Madame Lazima siku nzima.

Nakutumia sabuni na dawa yako ya presha. Meza kila siku, hata ukijisikia vizuri.

Mwanao,
Falone


Tunda, 3 Machi 2025

Falone,

Nimesoma barua yako, nikaketi chini uani, na majirani wakadhani presha imepanda.

Unaniandikia neno hilo kama mzaha. Mimi nalijua neno hilo. Lilimwingia baba yako mlangoni kwa upole, likampapasia masini, likamletea chakula. Miezi yote ile hawakumpiga hata kofi. Walimthamini. Walimthamini mpaka wakamfunga kwa kamba pamoja na chuma chao, na mimi mpaka leo sijui kaburi liko wapi, wala kama lipo.

Kuna jambo sikukuambia. Mwaka ule wa amani, nilipokuacha kwa mama mkubwa na kusema nakwenda kuuza mchele, nilivuka mto mpaka Alunguli. Nilitembea vijiji vyote vya barabara ile nikiuliza kama kuna mahali masini ya maji inafanya kazi. Nilifika mpaka Kampene. Mtu aliniambia kuna pampu inayonyonya maji kwenye shimo la wachimbaji. Nilikwenda. Masini ilikuwa ya rangi nyingine, lakini rangi inapakwa. Nilikaa kwenye udongo mpaka fundi wake akatoka shimoni. Alikuwa kijana wa Pangi. Aliniuliza, “Mama, unatafuta nani?” Nikasema nimepotea njia. Nilirudi, nikakununulia viatu njiani ili uamini nimeuza mchele.

Sitaki kutembea tena barabara ile nikiuliza juu yako.

Na tena unanificha. Bibiche amesema yule mwenzako mnayesaidiana kazi, Destin, ameshuka mto kwenda Ubundu na familia yake. Kwa hiyo uko peke yako kwenye kazi hiyo. Wewe unaniandikia habari ya sabuni.

Toka Kindu. Rudi na Bibiche. Hapa kuna mihogo, kuna nyumba, na wanawake wanaojifungua hapa tutawasaidia kama tulivyosaidiwa sisi. Hospitali itatafuta mwingine. Wakubwa hawakosi mtu wa kumwita wa lazima.

Mama yako,
Élisabeth


Kindu, 12 Machi 2025

Mama,

Sikujua habari ya Kampene. Viatu vile navikumbuka. Nimelia, kisha nikaenda kazini, kwa hiyo sijamaliza kulia.

Ni kweli, Destin ameondoka, na sikutaka ujue. Simlaumu, ana watoto wadogo. Ni kweli pia kwamba nilipata nafasi. Kulikuwa na ndege ndogo ya wafadhili, wakanihesabu kati ya abiria. Asubuhi ile nilifunga begi, nikapita hospitalini kurudisha funguo za kabati la dawa. Sikutaka mtu avunje kabati kwa sababu yangu.

Nikiwa pale mlangoni, walimleta mwanamke kutoka Alunguli kwa mtumbwi, anaitwa Safia. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, na yeye alikuwa anatoka damu. Daktari wa upasuaji alinitazama, akaona begi. Alianza kunawa mikono. Safia ndiye aliyeniuliza, “Dada, weye njo utanilaza?” Nikasema ndiyo. Sikuamua, mama. Mdomo ulisema wenyewe. Tulipomaliza ndege ilikuwa imekwisha kuruka. Mtoto ni wa kike. Mama yake anakula.

Unasema wakubwa hawakosi mtu. Ni kweli. Yule afisa kesho atasahau hata jina langu, na wengine wakiingia, nao watakuja na afisa wao, aulize swali lile lile. Sikubaki kwa ajili yao. Ila hapa hakuna mwingine, na wewe unajua maana yake, kwa sababu siku ile darasani hukuwa na mwingine wa kukusaidia.

Hukuniuliza kama naogopa. Ninaogopa. Lori likisimama nje ya ukuta nikiwa na sindano mkononi, lazima nijiambie endelea. Nimeanza kulala na viatu. Nikifumba macho naliona darasa lile la Tunda, sakafu yake, dirisha lenye mbao. Nilidhani nimelisahau. Nilikuwa nimekaa kwenye magoti ya yule mtu nikikutazama ukiandika, na nilijua unaogopa, kwa sababu ulikuwa unaandika polepole, wewe unayeandika haraka. Nilitaka kukuita nikashindwa.

Usinikasirikie. Kama utanikasirikia, basi iwe baadaye, tukikutana.

Falone


Tunda, 21 Machi 2025

Falone,

Sijakukasirikia. Nilijaribu, hasira ikakaa siku moja.

Nimesoma barua yako kwa sauti, peke yangu. Hapo uliposema ulitaka kuniita ukashindwa, nilisimama. Miaka yote hii nilidhani ulikuwa mdogo, hukuelewa. Nilikaa na jambo lile peke yangu kama mtu anayelinda sufuria isimwunguze mtoto, kumbe ulishaungua, ulikuwa kimya tu kwa ajili yangu.

Nimefikiri juu ya baba yako pia. Alipokuwa mle ndani, mimi nilikuwa huku. Nilimwandikia toka, toka, na yeye akaniandikia nakuja, nakuja. Tuliogopa kila mtu kwa upande wake, na katikati kulikuwa na Mwanahamisi na mafuta yake. Sikuwahi kufikiria kwenda kwake. Njia ilikuwa imefungwa, nilikuwa na wewe, sababu zilikuwepo. Lakini sasa njia iko wazi, na wewe ni mkubwa.

Kwa hiyo sikuambii tena toka. Hospitali ina mtu wake wa lazima, na mimi nina wangu, na ni mtu yule yule. Wao hawataniachia wewe, basi nitakuja kukaa hapo ulipo. Dada wa kanisa atanitunzia mbuzi. Bibiche amenipatia motari mwenye akili, asiyekimbiza. Nimebeba dawa ya presha, nguo za kubadilisha, na mchele. Watu hapa wananiuliza kama nimerukwa na akili, wengine wanatoka Kindu na mimi naingia. Nimewaambia ninaogopa, ndiyo, lakini nimechoka kuogopea mbali.

Barua hii inatangulia kidogo na mwenye baiskeli. Kama utakuwa na mgonjwa mezani nitakapofika, usitoke, maliza kazi yako. Nitakaa barazani na wale wengine wanaongoja watu wao.

Mama